Taa ya Cherehani

"Inacheza," mama alisema, akalisukuma gauni jeupe pembeni. "Siwezi kushona chini ya taa inayocheza."

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile, na harusi ya binti yake, kitinda mimba, ilikuwa Jumamosi. Gauni lilikuwa bado halina mikono. Mama alikuwa ameapa kwamba hakuna mshonaji mwingine atakayeligusa, na katika nyumba ile kiapo cha mama hakikuwa na rufaa.

Mwanawe wa kiume, fundi wa redio na kila kitu chenye waya, alikuna kichwa. Taa ile ya mezani aliitengeneza yeye mwenyewe, baada ya mama kulalamika mwezi mzima kwamba balbu ya darini ina giza. Aliiwekea kitufe cha kuzungusha, cha kupandisha na kushusha mwanga, akajisifu kwa kila jirani. Sasa kitufe kilekile kilikuwa kinamuumbua.

Kosa alilijua tangu siku ya kwanza. Kitufe kile hakipunguzi umeme, huukatakata: washa, zima, washa, zima, mara mamia kwa sekunde moja. Ukitaka mwanga mdogo, kuzima kunachukua muda mrefu kuliko kuwaka. Watu wengi hawaoni, lakini mama hakuwa watu wengi. Aliwahi kumrudisha bwana harusi kutoka mlangoni kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda kwenye pindo la suruali. Fundi alipunga penseli chini ya taa, akaona penseli tano. Mama alisema kweli.

Basi umeme ule wa kukatika ilibidi augeuze uwe volti tulivu, za kupanda na kushuka taratibu. Ni kama kujaza tangi kwa ndoo: ndoo zinamiminwa kwa vishindo, ila bomba la chini linatoa maji sawasawa. Tangi lake lilikuwa kapasita. Jumatatu aliifunga pamoja na rezista, kizuizi cha kubana umeme. Rezista ikamuunguza vidole na taa ikafifia. Jumanne akaitoa rezista, akaweka koili ya waya uliosokotwa. Mshale wa mita ukatulia tuli.

"Inacheza," mama akasema.

Jumatano aliongeza kapasita nyingine, nene kuliko kidole gumba. Mama alikaa, akainama, akanyanyuka, na ndipo akalisukuma gauni pembeni.

"Kinyozi hajinyoi," alisema. "Taa za mtaa mzima unatengeneza, ya mamako inakushinda."

"Mama, hebu itazame vizuri."

"Miaka arobaini nashona, leo unifundishe kutazama?" Alipapasa meza mpaka akaipata sindano, akamnyooshea binti yake. "Nitilie uzi, mwanangu. Mkono umechoka."

Binti alitia uzi. Aliogopa kuuliza habari ya mikono ya gauni, na kaka yake aliogopa kumtazama usoni.

Alhamisi asubuhi fundi aliazima kutoka chuo cha ufundi kifaa chenye kioo kinachochora mwendo wa umeme. Alikiunganisha, na mstari ukanyooka kama uzi uliovutwa. Alizungusha kitufe, mstari ukapanda, ukashuka, wala haukutetemeka. Alipunga penseli, akaona penseli moja. Alitamani kulia kwa hasira. Kitu kikiharibika utakitengeneza, lakini kitu kizima utakifanya nini?

Labda kuna waya umelegea, alijiambia, ingawa hakuamini. Mama alikuwa ameenda kunawa uso, kama alivyozoea kufanya siku hizi kila baada ya muda mfupi. Fundi alichomoa taa, akatoka nayo barazani, kwenye jua, akavuta kila waya na kukwaruza kila kiungo alichochomelea kwa risasi. Vyote vilikuwa imara. Alisonya, akageuka kurudi ndani.

Mama alikuwa amesharudi. Alikaa kwenye cherehani, dirisha likiwa wazi kando yake, uso umekaribia kugusa kitambaa. Alisikia hatua, akainua kichwa.

"Nani? Ni wewe, fundi wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Basi leo umejitahidi. Mwanga umekuwa mzuri kuliko jana." Alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, ili kumtia moyo. "Ila bado inacheza, mwanangu. Bado kidogo tu."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, taa ameikumbatia kifuani, waya wake ukining'inia mpaka sakafuni.