Uzi Kati ya Shanga Mbili

Wodini, Saumu aliazima tasbihi ya mama yake ili amweleze kile alichokiona maabarani kwenye damu ya kaka yake.

“Kila ushanga hapa, mama, ni protini ndogo iitwayo ubikwitini. Seli huzitunga hivi na kuzitundika kwenye protini iliyochakaa, ili ikavunjwe. Ila zikitundikwa kimakosa kwenye iliyo nzima, kuna kimeng'enya kinachoshika shanga mbili zinazopakana, kikakata katikati. Mnyororo ukidondoka, protini ile husalimika.”

“Na hicho cha Mbaraka?”

Saumu alimtazama kaka yake aliyelala, midomo imemkauka. “Chake kinazishika vizuri tu. Hakikati.”

“Kwa hiyo zinavunjwa hata zilizo nzima.”

“Ndiyo, mama.”

“Na dawa?”

“Bado tunatafuta.”

Mama yao, Bi Mwanakombo, aliichukua tasbihi yake, ile aliyoachiwa na marehemu mama yake. Akabana shanga mbili kwa vidole, akavuta. Uzi ukakaza tu. Akavuta tena.

“Mama, utaikata!”

Alimwinamia mwanawe, akauweka uzi kati ya meno yake mwenyewe ili aukate.