Chungu cha Masaa Sita

Margwe hakumtia kuku chunguni mpaka aliposikia gari likipanda mlima. Alikuwa amemkatakata tangu alfajiri, sosi ikiwa imeshafunguliwa, akakaa tu anangoja. Muungurumo ulipofika kona ya kanisa, akamwaga vyote, akafunika, akawasha.

Chungu chenyewe ni cha umeme, cha mradi. Eti jiko la kisasa, linapika polepole. Wakubwa walikileta na chupa ya sosi nyeusi, tamu kama dawa ya kikohozi, wakasema humo atatoka kuku wa kuchoma. Kuku wa kuchoma bila moto. Waliosoma wana mambo.

"Oliva," alimwambia binti yake, aliyekuwa ameshika mlango na shuka mabegani, "wewe leo usile kitu. Hata kuonja usionje."

"Nimeelewa, baba."

Gari lilikuwa la zahanati, king'ora juu. Waliomo hawakuwa wagonjwa. Alishuka Diwani Nicodemo, kisha Getruda, dada wa mradi, na simu yake ya kupigia picha. Dereva, Vicent, alibaki kwenye usukani. Tangu mwaka jana hakuwa akimtazama Margwe usoni.

Mwaka jana Tekla, mke wa Margwe, alianza kutoka damu asubuhi. Margwe alikimbilia zahanati akaambiwa gari liko kwenye shughuli ya serikali. Shughuli yenyewe ilikuwa kubeba viti na kreti za soda za sherehe ya diwani. Tekla akapakiwa kwenye tela la trekta. Hakufika hospitali ya Dongobesh. Kwenye mazishi diwani alihutubia dakika arobaini. Margwe aliandika barua mbili za malalamiko. Jibu lilikuwa chungu.

"Shikamoo, mzee," Getruda alisema.

"Marahaba."

Diwani hakuwa na muda wa salamu. Alimtazama Oliva tumbo, akacheka. "Ukizaa wa kiume umwite Nicodemo. Kuku yuko tayari?"

"Bado masaa sita, mheshimiwa."

"Tulikwambia uanze asubuhi."

"Umeme wenu umerudi sasa hivi."

"Si uweke ile ya haraka, mzee," Getruda alisema.

"Kitufe cha haraka kilikufa siku mlipokileta. Na mlisema kisifunuliwe, kinapoa."

Getruda aliangalia saa. Picha ya mgane akipakua kuku wa mradi ilitakiwa ifike kwa wafadhili siku hiyohiyo. Walimchagua Margwe makusudi: kama mwanamume aliyefiwa ameweza kupika, nani atashindwa?

"Tutangoja," diwani alisema, akakalia kiti chenye mto. Kilikuwa cha Tekla.

Margwe aliugusa mfuko wa koti. Jana alishuka Dongobesh, akaingia duka la dawa, akatoka na kifurushi ambacho hakumwonyesha mtu.

"Bia ya hapa ni ya moto, mheshimiwa," alisema taratibu. "Ya baridi iko Dongobesh."

Diwani alipitisha noti dirishani. "Vicent, kreti moja. Usinicheleweshe."

Margwe alitoka kumfungulia Vicent lango. Gari lilipoondoka, alirudi kwa kupitia jikoni. Humo alikuwa peke yake na chungu. Aliporudi sebuleni, mfuko wa koti ulikuwa mtupu.

Wakangoja. Diwani alieleza maendeleo: barabara itakayokuja, maji yatakayokuja, daktari atakayekuja. Saa tisa ikapita, bia haijafika. Akapiga simu ya Vicent, haipatikani.

"Mtandao wa milimani," Margwe alisema. "Nao mliuahidi."

Saa kumi na mbili chungu kikafunuliwa. Nyama iliachia mfupa yenyewe. Getruda alipiga picha saba.

"Binti atunawishe," diwani alisema.

"Binti ametoka. Nitawanawisha mimi."

Akawamiminia maji mikononi, mtu mzima na birika, wala hakukunja uso. Kisha akarudi nyuma, akasimama ukutani.

"Mzee, mwenye nyumba si huonja kwanza?" Getruda aliuliza.

"Meno yangu hayajazoea kuku asiyetafunwa. Kuleni ninyi. Ndiyo kazi mnayoiweza."

Mkono wa diwani ulisita kidogo juu ya sahani. Alimtazama Margwe, akaitazama firigisi. Firigisi ikashinda. Akala hiyo, akala paja, akala na la pili, akapangusa sosi kwa kidole. Getruda alimega kidogo, akaweka chini.

"Hii nyama ina nini?" diwani aliuliza mwishoni. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Ina mlichotuletea."

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nangoja, mheshimiwa."

"Unangoja nini?"

Diwani alishika meza, akataka kuinuka. Getruda alikuwa ameshasimama, ameisukuma sahani mbali.

Simu ya Margwe ikalia mfukoni.

"Ni Vicent," alisema.

"Weka sauti kubwa. Nimsikie huyo mpumbavu."

Margwe akaweka sauti kubwa, akaishika simu katikati ya meza.

"Baba, ni wa kike," Vicent alisema. "Wamempasua salama kama walivyompangia, Oliva mzima, mtoto mzima. Glovu hospitali hazikuwepo, wametumia zile za kifurushi chako. Bia nimesahau."