Uso wa Anaeli

Tangu chunusi zimtoke, Anaeli alikataa kupigwa picha. Alipofariki, mama yake, Elinami, alimpelekea mchoraji picha ya utotoni, amchoree ya kuweka juu ya jeneza.

"Alikuwa na uso laini," mchoraji alisema.

"Huo ni wa utotoni. Mwanangu ana chunusi, baba. Mchore nazo."

Akamwelekeza: zenye vichwa vyeusi puani, zenye vichwa vyeupe kwenye paji, nyekundu zilizovimba mashavuni, na moja kubwa kidevuni. Kila penseli ilipogusa karatasi, Anaeli alizidi kurudi.

"Na hii ya kidevuni, mama? Ilikuwa imetunga usaha, au ngumu ya ndani kwa ndani?"

Siku za mwisho kijana alikuwa akigeuza uso kila Elinami alipomkaribia.

"Sijui," alisema, akaangua kilio.

Penseli ilibaki hewani, juu ya kidevu kitupu.