Ekidna Amtoa Mtoto Mfukoni

Hapo kale, kabla mbwa mwitu hajaonja mwiba, aliishi ekidna, mnyama mdogo mwenye miiba, atagaye yai na bado hunyonyesha. Mwanawe alianguliwa katika mfuko wa tumboni mwake, akawa ananyonya humo. Miiba ilipoanza kumwota mtoto, ikamchoma mama hata kutembea kukamshinda. Basi akachimba shimo, akamtia humo huku machozi yanamtoka.

"Ama kweli moyo wako jiwe!" jirani yake Kangaruu akamkemea. "Wangu mkubwa, na bado namfuta kamasi humu humu mfukoni!"

"Usimpime mwanangu kwa mfuko wako, shoga," ekidna akamkata kauli. Lakini roho ilimsuta, akageuka kwenda kumchukua.

Mara mbwa mwitu huyo! Ekidna akazama mchangani palepale. Kangaruu akatimua mbio, mfuko ukalegea, mtoto akaanguka pu! mlangoni mwa shimo. Kuruka hajui, kukimbia hajui. Anajua kulia tu.

"Pita nyuma yangu, we!" sauti ndogo ikamwita kutoka shimoni. Alipoingia, mtoto wa ekidna akaziba mlango kwa mgongo wake. Mbwa akatia pua, akaitoa inavuja damu, akaenda zake akibweka kwa uchungu.

Kangaruu akarudi anahema, akamtoa mwanawe nyuma ya ile miiba na kumtia mfukoni. "Shoga, nifundishe wangu naye aote miiba."

"Nikikuahidi miiba nitakuwa mwongo," ekidna akasema, akiibuka mchangani na kumlamba mwanawe puani. "Wewe mshushe chini tu. Miguu anayo."

Akamshusha. Mtoto akaruka, akaanguka, akacheka, akaruka tena.