Waliolala Humu

“Andika watano, kisha uende zako,” alisema Profesa bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

Karani wa sensa hakuandika. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, fomu juu ya magoti. Siku zote alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Wiki hii alikabidhiwa nyumba themanini za mtaa huu na ule wa nyuma, pamoja na onyo moja, kwamba karani atakayemwandika mtu ambaye hakulala katika nyumba husika atanyang’anywa kitambulisho siku hiyo hiyo.

“Samahani, Profesa. Swali linasema, ni nani na nani waliolala humu usiku wa kuamkia leo?”

“Mimi, mke wangu, watoto watatu. Hesabu hiyo inakushinda? Au darasa la pili mnaishia nne?”

“Ningewaona wenyewe ingekuwa vizuri zaidi.”

Profesa aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayejiandaa kumfundisha adabu mwanafunzi aliyemzoea. Nyuma yake, ukuta mzima ulifunikwa na ramani ya dunia iliyochorwachorwa kwa wino mwekundu.

“Hebu njoo hapa, mwalimu. Ipi kubwa, nchi hii ya theluji huku juu au yetu?”

“Kwa macho, ile ya theluji.”

“Kwa macho!” Alilirudia neno hilo kama anayetema kokwa. “Menya chungwa, ulilazimishe ganda likae bapa mezani. Litapasuka. Wachora ramani hawakutaka lipasuke, wakalivuta huku juu na huku chini. Sisi wa katikati wakatuacha tulivyo. Nchi yao inaingia ndani ya yetu mara mbili na nafasi inabaki. Na watu wao wote ukiwakusanya, hawalijazi hata jiji letu hili. Lakini nyinyi mnatazama rangi imeenea kiasi gani ukutani, basi mnapiga magoti. Hakuna anayeuliza ndani mna nani.”

“Hilo hasa ndilo ninalouliza, Profesa.”

Profesa alicheka kwa pua. Aligeukia mlango. “Mama watoto! Chai!”

Sauti ilipita ukumbini, ikapanda ngazi, ikapotelea huko huko.

“Kumwita mke wangu ni kama kupeleka barua wizarani,” alisema. “Utajibiwa, ila si leo.”

“Labda uende ukamtazame. Nitasubiri.”

“Niende mimi? Nyumba hii ina vyumba vinane. Nivizunguke kama mlinzi ili darasa la pili liridhike?”

Karani aliteremsha sauti. “Baba, tafadhali. Nenda tu.”

“Mimi si baba yako. Na watoto wangu wana adabu, usije ukadhani wamefanana na hao unaowafundisha. Jana jioni walikuwa wakipanda na kushuka ngazi, wakiburuta sijui nini, nami nina hotuba ya kumaliza. Nikapaza sauti mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa. Tangu hapo, hata kikohozi! Umewahi kuona nyumba tulivu kama hii?”

Karani aliitazama ngazi kupitia mlangoni. “Hapana,” alijibu.

“Basi andika.”

“Uliwaona baada ya hapo?”

“Nililala hapa hapa, kwenye kochi. Leo saa nne nasimama mbele ya mawaziri kuwaeleza ukubwa wa kweli wa nchi yao na idadi ya kweli ya watu wake, maana na wao ni wale wale wa kwa macho. Nawe unanipotezea asubuhi kwa kuniuliza nimewaona watoto wangu!” Alichukua simu. “Msimamizi wako nilimfundisha mimi. Alikuwa mzito kuelewa, lakini hakufikia hapa.”

Simu iliitikiwa haraka.

“Kuna binti yako huku hajui kuhesabu hadi tano,” Profesa alisema, kisha akaiweka simu mezani, spika ikiwa imewashwa ili wote wasikie.

“Mwalimu,” alisema msimamizi kwa uchovu, “andika anachosema Profesa, yaishe.”

“Siwezi, mkuu.”

“Andika, au uniletee kitambulisho sasa hivi. Nina watu kumi wanaoingojea nafasi yako.”

Profesa alikunja mikono kifuani, akaegemea ramani yake. “Watano,” alisema polepole, akinyanyua kidole kimoja kimoja, kama anavyofanyiwa mtoto. “Moja. Mbili. Tatu…”

Karani alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, alifungua mkoba wake, akatoa fomu ya nyumba aliyotoka kuiandika, akaishika kwa mikono miwili.

“Siwezi kumwandika mtu mara mbili,” alisema. “Mkeo na watoto watatu nimewaandika leo saa kumi na mbili na nusu, kwa dada yake, mtaa wa nyuma. Vyumba viwili, watu tisa. Mama mwenyewe aliniruhusu nikuambie, endapo ungesisitiza.”

Profesa alibaki na vidole vitatu hewani.

“Nilimuuliza kama niwaandike kuwa ni wageni pale,” alisema karani. “Akasema niwaandike wakazi.”