Kicheche Atafuta Chuo

Palikuwa na Kicheche aliyewashinda wanyama wote katika mtihani wa kemia, lakini kila chuo kilichosifu cheti chake kilifunga madirisha alipofika.

"Alama zako nzuri sana, bwana mdogo," alisema Tausi, mkuu wa chuo cha kwanza, akiwa ameziba pua. "Tatizo ni mwenyewe."

Katika chuo cha pili, Swala alimwambia nafasi zimejaa, huku akirudi kinyumenyume mpaka akatumbukia mtaroni.

Cha tatu kilikuwa banda la Mwalimu Fuko. Kicheche alisimama mbali, akaomba radhi kabla ya kuomba nafasi.

Fuko akanusa, akanusa tena. "Gesi hii umeitengenezaje? Sisi tumechemsha mwaka mzima, haijatoka kali namna hii."

"Ni mimi tu, Mwalimu."

"Basi ingia, mwanangu, ufunge na mlango isipotee."