Raphael Amejitambua

"Ona koti! La kaki, kama langu. Na huo mwendo wa bata ni wa nani kama si wangu? Mama Lucy, wamenianika!"

Video ilikuwa imetua kwenye grupu la wauza ndizi wa Mkuyuni, bila maelezo. Ndani yake jamaa mmoja alikuwa anaigiza bahili, akigawa karanga huku akifoka, "Moja moja! Mnadhani zinaokotwa?" Akina mama waliokaa mkekani walikuwa hoi, mmoja alijifuta machozi kwa kanga. Chini yake watu walijaza vicheko. "Nani asiyemjua huyu!" aliandika mmoja.

Raphael alisoma falsafa kidogo seminarini kabla ya kurudi kwenye ndizi, na mpaka leo hajaacha kutusumbua nayo.

"Mtu hajioni, Mama Lucy. Anaonwa. Nafsi yangu imo machoni mwa wenzangu."

"Nafsi yako imo kwenye hiyo simu," mkewe alisema. "Ila kwenye ubahili, hapo wamekupata."

Iliuma, jamani, iliuma sana. Miaka yote hiyo yeye alijiona mtu wa watu!

Basi akabadilika. Koti akaligawa. Kila mteja akawa anamwongezea ndizi, mpaka wengine wakaanza kuzikagua, wakidhani zimeoza. Jioni alijifunza kutembea upya uani, mkewe akimkosoa kutoka jikoni: "Bata huyo! Rudia!" Mtaji ukayeyuka, wala hakujali. Alitaka jambo moja tu: yule mwigizaji amtazame, akiri kwamba huyu sasa ni mtu mwingine.

Akaulizia, akaambiwa ni Stambuli wa Kinole. Akapanda mlima na mkungu wa ndizi begani, akamkuta anaanika mdalasini. Ni yeye kabisa, yule wa kwenye video. Raphael akasimama wima, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, akamkabidhi mkungu mzima.

"Nitazame vizuri, ndugu yangu. Sina kinyongo. Umenifanya nijitambue, nami nimejirekebisha. Bado utaniigiza?"

Stambuli akaupokea mkungu, akamkagua kuanzia miguuni hadi utosini, kisha akamkagua tena.

"Pale tulikuwa msibani, bwana. Nilikuwa namwigiza marehemu Mzee Alois, mtani wangu, kama mila ya utani inavyotaka," alisema. "Kwani wewe ni nani?"